Besi ya Bwire

Vijana wawili waliopokea kazi yangu ya kufundisha kwaya za jimbo wameniomba niwaandikie jinsi nilivyokuwa nikifundisha watu kuimba pamoja. Mwanzoni nilidhani wanataka nota. Nota ziko kwenye kabati la ofisi pale Mukendo, rafu ya chini, zimefungwa kwa kamba ya katani, na panya wameshakula sauti ya pili ya nyimbo karibu zote. Haya ninayoandika ni yale ambayo panya hawakuyapata. Vyeo na mshahara sitavitaja. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua.

Mimi ni mtoto wa Butiama, wa nyumba ya mihogo, mtama na ng'ombe wachache. Ziwa nililiona mara ya kwanza nilipokuwa nakwenda sekondari, na hata baada ya hapo nililitazama kwa mbali tu, nikiwa ndani ya basi. Nalisema hili mapema kwa sababu kosa kubwa kuliko yote niliyofanya kazini lilitokana na hapo.

Siku ya kwanza nilipelekwa Bunda, kwa Mwalimu Kisire, aliyekuwa akifundisha kwaya tangu mimi sijaanza shule. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu na daftari la nota nilizozinakili kwa mwandiko mzuri. Alilifungua, akalifunga, akaniuliza kama nimekula. Kisha akatoa mfukoni chuma chenye meno mawili, urefu wake kama kijiko, akakigonga kwenye goti na kukileta karibu na sikio langu. Kililia sauti moja nyembamba isiyotikisika.

"Hiki hakipandi kwa furaha wala hakishuki kwa njaa," alisema. "Watu ndio wanapanda na kushuka. Wewe kazi yako ni kujua wameondoka kiasi gani."

Chuma hicho ndicho mlichokikuta kwenye kopo la kahawa. Msikigonge mezani, kitapinda. Kigongwe kwenye goti, na kama goti linauma kwa uzee, kwenye kisigino cha kiatu.

Kisire alinifundisha mambo mawili ambayo chuoni hayakuwamo. La kwanza, wimbo mpya uanze na besi. Mimi nilikuwa naanza na soprano, kwa sababu ndio wenye wimbo wenyewe na ndio wanaowahi kufika. Akanikataza. "Anza na besi, binti. Watu wakizoea wimbo bila besi, siku besi wakija wataonekana wageni nyumbani kwao." La pili, watu wasikae kwa makundi ya sauti. Aliwachanganya: alto kando ya tenor, besi katikati ya soprano, mume mbali na mkewe. Wimbo ukifika katikati aliinua mkono kunyamazisha sauti moja, wengine waendelee, halafu anairudisha hiyo sauti bila kuwaambia wako wapi. Aliyekuwa akisikiliza aliingia mahali pake. Asiyesikiliza aliingia popote, na Kisire alimwambia, "Wewe ulikuwa unaimba bafuni." Wakulima wa pamba wenye mvi zao waliambiwa hivyo, wakacheka, wakarudia.

Kutoka hapo nilianza kuzunguka peke yangu. Kazi ilikuwa hivi: kukaa usharika mmoja wiki tatu au nne, kulala kwa mzee wa kanisa, kufundisha jioni watu wakitoka shambani, kisha kuhamia kwingine. Kule Buswahili nilikuta kwaya inayokimbia. Waliuanza wimbo vizuri, lakini kila ubeti ulikuwa na haraka kuliko uliotangulia, na mwisho walimaliza wakihema. Nilijaribu makofi, yakawaongezea moto. Jioni ya nne nikawaambia kila mtu aje na ndoo yenye maji nusu. Tukatembea kwenye njia ya katikati ya mihogo tukiimba, ndoo kichwani. Wanaume walisema wao si watu wa kubeba maji. Nikasema basi wabaki, sisi tutaimba sauti mbili. Wakabeba. Mwenyekiti wa kwaya alilowa hadi kiunoni ubeti wa pili, na ubeti wa tatu kwaya nzima ilikuwa inatembea. Njia hii itumieni, ila angalieni kwanza kama kijiji kina maji.

Baada ya Buswahili nilipelekwa kijiji kimoja cha rasi, ng'ambo ya Musoma. Sitakitaja, wenyewe watajijua. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nilikuwa nimeponya kwaya inayokimbia, na nilijiona fundi.

Jioni ya kwanza walikuja watu ishirini na wanne, sauti zote nne zimekamilika. Sijawahi kukuta kitu kama kile. Besi walikuwa sita, wakiongozwa na mvuvi mmoja aitwaye Bwire, mtu mfupi mwenye kifua kipana na sauti iliyokuwa inatokea chini ya benchi. Mkewe, Nyangeta, alikuwa kiongozi wa alto. Niliwafundisha wimbo mmoja wa maziko, wa mistari minne, nikianza na besi kama nilivyoagizwa. Mstari wa tatu besi inashuka hatua mbili. Bwire alishuka tatu. Nikamrudisha, akashuka tatu tena. Mara ya nne nikamwambia, "Kaka Bwire, huko unakokwenda hakuna mtu."

"Mimi nipo, mwalimu," akajibu. Wakacheka wote, na mimi nikacheka kidogo.

Kwaya ile ilikuwa na kitabu. Kilikuwa daftari kubwa la jalada gumu, na kilitunzwa na katibu, Mafuru, aliyekifunga kwenye mfuko wa plastiki kama hati ya shamba. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na sheria zilizoandikwa na waanzilishi. Aliye kitabuni akifariki, kwaya inamzika kwa sare na kwa nyimbo zake. Asiyekuwamo, wanakwaya wanakwenda msibani kama majirani, bila sare, na nyimbo za kwaya haziimbwi. Na jina likifutwa, anayelirudisha ni yule yule aliyelifuta, mbele ya kwaya. Sheria hiyo ya mwisho waliiweka ili katibu asije akawa anafuta watu na kurudisha ndugu zake. Mafuru alinisomea yote kwa sauti, akanikabidhi kitabu nikiwa mwalimu, na kalamu nyekundu ikiwa imechomekwa kwenye uti wake.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Niliandika barua ofisini kwamba kwaya hii itaimba kwenye tamasha la jimbo mjini, na ofisi ikajibu kwa kutaja siku. Wiki ya pili ikawa hivyo hivyo. Wiki ya tatu, jioni ya Jumatatu, nilikuta wanawake na tenor wawili wazee. Besi hata mmoja hayupo. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano nikauliza wako wapi, nikaambiwa, "Wako kazini, mwalimu," kwa namna ya mtu anayemjibu mtoto. Nilijua kazi. Kwetu mtu anakwenda kazini asubuhi, jioni yuko kwenye kwaya. Nikaona picha yote: wanaume hawa wamechoka kufundishwa na mwanamke, tena mwanamke wa milimani, na wake zao wanawaficha.

Jumapili baada ya ibada, mbele ya kwaya na nusu ya usharika, nilifungua kitabu nikafuta majina sita kwa kalamu nyekundu. Nilisoma kila jina kabla ya kulifuta. La Bwire nilianza nalo. Hakuna aliyesema neno, na mimi ule ukimya niliuhesabu kuwa heshima.

Jioni ile Nyangeta alinikuta uani nakunja nota.

"Mwalimu, nikuulize. Kwenu dagaa mnazitoaga wapi?"

"Sokoni."

"Basi ndiyo maana." Akaketi kwenye jiwe. "Dagaa haziji kwenye mwezi. Taa inazivuta kukiwa giza tu. Mwezi ukiwa mkubwa wanaume wanakaaga nyumbani, wanashona nyavu, wanakujaga kwaya. Mwezi ukifa wanaenda kambini visiwani mpaka utoke tena. Ulikuja kwenye mwezi. Saa hizi ni giza. Hawajakudharau, wanatafuta ada ya watoto."

Nilitazama juu. Nilikuwa nimekaa pale wiki tatu bila kutazama juu hata mara moja.

Tamasha lilikuwa Jumamosi iliyofuata, na Jumamosi hiyo ilikuwa bado giza. Tulikwenda mjini na wanawake na wale wazee wawili. Nikiwa nasema tutaimba sauti tatu, Nyangeta akasema besi anaijua. "Naisikiaga kila siku. Akishona nyavu anaimba, akila anaimba." Akaiimba kwa kimo cha sauti yake, na wenzake wanne wakamfuata, kwa kuwa nilikuwa nimewafundisha wote kwa kuwachanganya na kila mmoja alikuwa amekaa ubavuni mwa besi wiki mbili. Tulipongezwa. Hapo ndipo nilipoelewa ile njia ya Kisire ni ya nini. Nilidhani ni ya kupendezesha sauti, kumbe ni ya siku ambayo wenzio hawapo. Mfundisheni kila mtu sauti ya jirani yake, hata kama hamjui itatumika lini.

Mwezi ulipotoka wanaume walirudi na kukuta majina yao yana mstari. Nilimwambia Mafuru ayarudishe kimya kimya kwa kalamu ya buluu, kwamba kulikuwa na makosa ya ratiba. Watano walikubali, na sheria ikafumba jicho. Bwire hakukubali. Alikuja hadi nilipokuwa nimefikia, akavua kofia.

"Mwalimu, mimi sina hasira. Ulinifuta mbele ya watu, nirudishe mbele ya watu. Dakika moja tu."

Nikamwambia nitafanya. Jumapili ilipofika nikasimama mbele ya kwaya, nikawatazama, nikatoa nota. Nilikuwa na imani kwamba mwalimu akiomba radhi mbele ya kwaya, kwaya hiyo haina mwalimu tena. Bwire alikaa benchi la nyuma, akasubiri mpaka mwisho wa ibada, kisha akaenda zake. Wiki iliyofuata nilihamishiwa Bunda. Nilipanda basi nikiwa nimefarijika, jambo ambalo hadi leo sipendi kulikumbuka.

Kuanzia hapo ratiba zangu zote zina safu ya mwezi. Mtazikuta kwenye faili la kijani. Vijiji vya rasi tunafundisha mwezi ukiwa mkubwa, vijiji vya pamba hatugusi wakati wa kuvuna, na kwa wafugaji tunauliza kwanza maji yako umbali gani msimu huo. Mkuu mmoja wa ofisi aliwahi kuniuliza kama mimi ni mwalimu wa muziki au bwana shamba. Nikamjibu kwamba kwaya haina watu wa akiba.

Miaka yangu ya Bunda niliitumia zaidi kwenye tarumbeta. Usharika mmoja ulipata vyombo tisa vilivyotumika, viwili havikutoa sauti na kimoja kilitoa sauti hata ukikiacha. Msiwape watu vyombo siku ya kwanza. Mimi niliwaimbisha sehemu zao kwa mdomo mwezi mzima, tarumbeta zikiwa zimefungiwa stoo, nao wakanung'unika kwamba wameitwa kwenye harusi wasikomwona bibi harusi. Walipozishika, masikio yalikuwa yameshajua njia, ikabaki midomo tu. Midomo ya mtu anayepuliza ikipasuka kwa jua, mpeni mafuta na mapumziko, msimpe maneno. Na katika miaka yote hiyo sikufuta jina la mtu kwenye kitabu chochote. Kalamu nyekundu niliitupa chooni pale pale rasi.

Kule rasi nilirudi mara mbili, kukagua. Mara zote mbili Bwire alikuwa benchi la nyuma kabisa. Hakuwa na sare, lakini nyimbo za usharika mzima zilipoanza, besi yake ilipita chini ya wote na kila mtu kanisani aliegemea juu yake bila kujua. Mafuru aliniambia kwamba vijana wote wa besi wanafundishwa na Bwire, ufukweni, kwenye mchanga wanakoanika dagaa. Kwenye kwaya yenyewe hakanyagi. Mara ya kwanza nilijipangia kulimaliza jambo lile baada ya chakula, gari likaja mapema. Mara ya pili gari halikuja mapema. Niliona aibu tu, nikazungumza habari za paa la kanisa hadi muda ukaisha.

Nilistaafu mwaka huu na kuhamia nyumba yangu ya Buhare. Nilikuwa na miezi mitatu ya kupanda mchicha na kukataa kualikwa kwenye kamati, ndipo simu ya Mafuru ikaja. Sauti yake imezeeka kuliko yeye.

"Mwalimu Wakuru, Bwire ametutoka jana. Kifua. Tunazika kesho saa nane. Kitabu kinakutaka."

Nilifika saa nne asubuhi. Ilikuwa wiki ya giza, niliangalia kalenda kabla ya kuondoka, na besi wengi walikuwa kambini. Vijana wawili tu walikuwa wamewahi boti ya kuvuka. Wanakwaya walikuwa wamekaa pembeni ya uwanja kama majirani, nguo za kawaida, mikono mapajani. Waliowahi kunijua walinisalimu kwa heshima kubwa, na heshima ile ilinielemea. Nyangeta alikuwa kwenye mkeka na wanawake wa nyumba. Nilipiga magoti kumpa pole.

"Umechelewa, mwalimu," alisema.

"Nimechelewa."

"Fanya basi."

Mafuru alikifungua kitabu kutoka kwenye plastiki. Ukurasa umekuwa wa manjano, lakini wino mwekundu haukuwa umefifia hata kidogo. Nilisimama mbele ya kwaya. Nilimshika Mafuru bega. Nikasema, "Nilifuta watu sita waliokuwa kazini, kwa sababu sikujua kazi yao na sikuuliza. Watano walinisamehe kimya kimya. Bwire aliniomba dakika moja, nikamnyima. Hakukosa yeye, nilikosa mimi. Namrudisha." Nikaandika jina lake upya chini ya lile lililofutwa. Ilichukua chini ya dakika.

Hakuna aliyepiga makofi, haikuwa mahali pake. Ila walianza kufungua mikoba. Kila mmoja alikuwa amekuja na sare yake ndani ya mfuko, imepigwa pasi, tayari. Walikuwa wamenisubiri. Nililia pale, waziwazi, na sina maelezo mengine ya kuongeza.

Kaburini Mafuru alitangaza ule wimbo wa mistari minne niliowafundisha jioni ya kwanza. Wale vijana wawili wa besi wakajipanga. Nyangeta akainua mkono akiwa pale pale kwa wafiwa, kama Kisire alivyokuwa akiinua.

"Vijana wapumzike," alisema. "Leo besi ni ya mwalimu."

Alikuwa anaijua yeye, na kila mtu alijua kwamba anaijua. Nilitafuta chuma cha sauti mfukoni, nikakumbuka nimekiacha ofisini kwenye kopo. Kwa hiyo nilianza bila kitu, kwa kimo cha sauti yangu, sauti ya mwanamke wa miaka sitini iliyojaa machozi, na zile sauti tatu zikaingia juu yangu moja baada ya nyingine. Walinisikiliza vizuri sana. Mstari wa tatu nikasikia nimekwenda mbali kuliko nilivyotaka, nikarudi, nikamaliza nao.

Baada ya udongo kurudishwa na maua kuwekwa, Nyangeta aliniita niketi naye mkekani. Mtu akatuletea chai. Alikunywa nusu kikombe.

"Mstari wa tatu ulipotea."

Nikasema kweli, nilipotea, nilishuka hatua tatu badala ya mbili.

"Nilisikia," alisema, akakunja pindo la kanga yake magotini. "Bwire naye alikuwaga anapotea hapo hapo."